Pole na Kazi, Afande

Chuo chetu kilikuwa na Waingereza wawili: Mmarekani mmoja na mimi, Mnyaturu wa Singida. Kilikuwa chuo cha binafsi, kaskazini mwa Guangzhou, kando ya barabara ya kwenda Shiling, na vijana waliokuja pale ni wale ambao mitihani ya vyuo vikubwa ilikuwa imewatema. Wazazi wao walikuwa na viwanda vidogo vya zipu, vifungo na mikanda. Walilipa ada ili mtoto atoke na Kiingereza, kama walivyomlipa seremala ili kabati itoke na milango. Picha ya Mmarekani ilibandikwa getini, kubwa kuliko geti lenyewe, ameshika kitabu ambacho sikuwahi kumwona nacho tena. Mimi sikubandikwa popote. Madarasa yangu yalikuwa mengi kuliko yake, lakini nilikuwa mwalimu wa kutumika, yeye wa kuonyeshwa.

China nilikuwa nimeingia kwa mlango wa biashara. Mdogo wangu wa kike alikuwa ananunua jeans Xintang na kuzipeleka Mwanza kwa kontena, na alinialika nimsaidie baada ya kuona nimechoka kufundisha darasa la watoto tisini kwa chaki niliyoinunua mwenyewe. Nilikuwa hasara tupu. Kila laobani, ndivyo tulivyowaita wenye maduka na viwanda, akinieleza kwamba mama yake anaumwa, mimi naongeza bei badala ya kupunguza. Mdogo wangu alivumilia msimu mmoja. Kisha aliniambia, kwa heshima zote za mdogo kwa dada yake, nikae nyumbani nipike.

Jumapili moja nilisoma somo katika ushirika wetu wa wanaoabudu kwa Kiingereza, ukumbini kwenye ghorofa ya saba ya jengo ambalo chini yake waliuza viatu. Nilisoma kama nilivyofundishwa na masista, kila herufi na haki yake. Mama mmoja wa Kichina, nadhifu, aliyekaa nyuma, alinisubiri mlangoni. Ndiye aliyekuja kuwa Mkuu wangu. Alikuwa anatafuta mwalimu wa Kiingereza na alikuwa ameshagundua kwamba Mmarekani wa pili ni ghali. Akaniuliza ninatoka wapi. Nikasema Tanzania. Uso wake haukubadilika, maana jina hilo halikumwambia kitu. Akauliza mji gani, nikasema Singida. Hapo akatabasamu.

Sababu ya lile tabasamu niliijua siku ya wazazi. Alisimama na kipaza sauti, akanitambulisha kwa Kichina kirefu, na katikati yake nikasikia neno Xinjiapo. Kwa Kichina hilo ni Singapo. Singida, Singapo, kwa sikio lake tofauti ilikuwa ndogo, ya kutafutwa kama dawa. Wazazi waliniangalia mimi, wakamwangalia yeye, wakaniangalia tena mimi. Kisha wakapiga makofi. Niliinuka nisahihishe, Mkuu akanishika kiwiko na kuninong'oneza kwamba Singapo ina watu wa rangi zote, halafu akasema chakula kiko tayari. Nikakaa. Tangu siku hiyo, mzazi mmoja mwenye kiwanda cha mikanda hakukosa kuniuliza hali ya bandari yetu ikoje.

Ningeweza kuvumilia hata kuwa Mwingereza wa Singapo, mradi nipewe kibali. Niseme wazi hapa mapema, kwa sababu yote yaliyofuata yanatoka hapo: nilichokitaka chuoni pale si mshahara tu. Katika visa yangu kulikuwa na neno la biashara. Mmarekani alikuwa na kitabu chekundu cha serikali kilichomtaja kuwa mtaalamu wa kigeni, mwalimu, na alikitumia kuwekea kikombe. Mimi nilitaka cha kwangu. Baba yangu alikuwa mwalimu hadi pumzi ya mwisho, mimi nilikuwa mwalimu tangu nikiwa msichana, na sikuona haya kubwa kuliko kuzeeka katika pasipoti nikiwa mfanyabiashara, kazi niliyofukuzwa hata na ndugu yangu wa tumbo moja. Kila mwisho wa mwezi nilimkumbusha Mkuu, na kila mwisho wa mwezi aliniambia meiwenti, yaani hakuna shida. Kadiri nilivyoambiwa hakuna shida ndivyo nilivyozidi kujua kwamba ipo.

Huyo Mmarekani sitaki mtu amwone mbaya. Alikuwa kijana mrefu, mpole, kutoka jimbo fulani lao lenye mahindi mengi, na digrii yake ilikuwa ya usimamizi wa michezo. Alifundisha kwa kukaa juu ya meza. Siku ya Jumatatu aliwauliza wanafunzi wamefanya nini mwisho wa wiki, na kila aliyejibu, hata aliyesema kwamba yeye alikula bibi yake akimaanisha kula kwa bibi yake, aliambiwa safi sana. Siku nyingine aliwaonyesha filamu. Hakuwahi kumsahihisha mtu. Aliniambia kusahihisha kunavunja moyo, na nikimwangalia jinsi moyo wake ulivyokuwa mzima, niliamini kwamba yeye hakuwahi kusahihishwa pia.

Kipindi changu kilifuata cha kwake, na dakika za mwanzo nilizitumia kutafsiri. Wanafunzi walikuja na maneno yake wameyaandika kwa kubahatisha, nami nikawaeleza kwa Kiingereza alichokuwa amesema kwa Kiingereza. Maneno yake yalitoka bila mifupa, yote yameshikana. Mimi nilisema polepole, kila neno na kiti chake. Wanafunzi walinielewa, na baada ya muda wakaanza kusema kama mimi. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, au yalipotengenea, inategemea nani anahadithia.

Siku moja binti aliyekuwa kiongozi wa darasa aliangusha vitabu vyote mlangoni. Alikuwa msichana mdogo wa umbo mwenye miwani mikubwa, baba yake anatengeneza zipu. Nikamwambia "sorry", kama ambavyo kila mtu aliyesoma Tanzania angemwambia. Akaniuliza kwa nini namwomba radhi wakati vitabu kaviangusha mwenyewe. Nikawaeleza darasa zima habari ya pole. Nikawaambia kwetu mtu akijikwaa, akiugua, akifiwa, akinyeshewa, au hata akitoka safari nzuri isiyo na tatizo lolote, unampa pole, na kwa Kiingereza chetu pole huwa "sorry". Nikaendelea, maana nikianza kueleza sishikiki, kwamba ukipita mahali mtu anafanya kazi humpiti kama jiwe. Unamwambia pole na kazi. "Sorry for the work." Niliandika ubaoni.

Darasa likanakili. Kisha kiongozi akanyoosha mkono, uso umemng'aa, akasema, "Laoshi, hiyo tunayo." Laoshi ni mwalimu, ndivyo walivyoniita, na sijawahi kuchoka kuitwa hivyo. Akasema kwa Kichina ni xinku le: umetaabika, nimeiona taabu yako. Unamwambia dereva, unamwambia anayekuletea mzigo, unamwambia mama yako akitoka kiwandani. Wote wakaitikia kwamba ndiyo, hiyo hiyo. Tulikuwa tumekutana, Kiswahili na Kichina, juu ya kichwa cha Kiingereza, na Kiingereza chenyewe hakikuwa na habari. Nilifurahi siku ile kuliko siku yoyote nchini mle.

Basi ikaenea. Mfagiaji wa ukumbi alipewa "sorry for the work" na vijana arobaini kila asubuhi, akawa anawajibu kwa Kichina bila kujua kwamba ameamkiwa kwa Kiswahili. Wanafunzi wakila bwenini na mtu akapita, walimwambia karibu kwa Kiingereza. Aliyekosa darasa wiki moja aliambiwa na wenzake kwamba amepotea. Nilipita korido nikisikia Singida imejaa Guangdong, na nakiri nilivimba kichwa.

Mmarekani alikuja kwangu akiwa na wasiwasi. Aliniambia akipiga chafya tu, chumba kizima kinamwomba msamaha. Alimwaga kahawa kwenye shati lake, mabinti watatu wakasimama wakasema wanasikitika. Alitaka kujua kama watoto hawa wanapigwa nyumbani. Nikamweleza habari ya pole kwa utulivu, kama kwa darasa la tatu. Akasikiliza, akasema kwamba lakini si kosa lao. Nikamwambia ndiyo maana wanasema. Kosa likiwa langu nitatafuta maneno makubwa zaidi ya hayo, pole ni kwa taabu ambayo sikuileta mimi. Akatikisa kichwa, akasema ni jambo la kuvutia sana. Nilikuwa nimeshakaa naye vya kutosha kujua kwamba jambo likimvutia sana, basi hataki kulisikia zaidi.

Huku mjini, mambo yalikuwa yamechacha. Ule mwaka wa Olimpiki ya Beijing kamatakamata ya wageni ilianza na haikuisha michezo ilipoisha. Visa za mwaka zikawa za mwezi. Liuhua, kule kwenye stesheni ya treni na maduka ya nguo yaliyoizunguka, askari walisimama chini ya ngazi na kutuchagua kwa rangi, kazi nyepesi kuliko kuchambua mchele. Watu waliacha mizigo kaunta wakapanda ngazi za nyuma. Wengine walikuwa na karatasi zote na bado walikimbia, kwa kuwa miguu ilikuwa imeshazoea. Mdogo wangu alitembea na pasipoti kifuani ndani ya mfuko wa plastiki, na hata akioga aliiweka pembeni ya sinki.

Hata ukumbi wetu wa ibada haukusalimika. Jumapili moja tukiwa katikati ya wimbo, mama mmoja wa Lubumbashi, mnunuzi wa vitenge na mabegi, alinivuta mkono. "Maman, usitoke," akaninong'oneza. "Bapolisi beko ku mulango, banaomba ma-passeport." Tulirudia wimbo ule hadi sauti zikakauka, mchungaji akaongeza mahubiri ambayo hakuwa ameyaandaa, na nadhani ndiyo ibada pekee niliyoona watu wakiomba iendelee.

Nilimweleza Mmarekani. Alishangaa kweli kweli. Alikuwa na miaka miwili Guangzhou na hakuna aliyewahi kumuuliza pasipoti barabarani, hakujua hata kama zinatembea. Yake ilikaa kwenye droo pamoja na betri za rimoti. Alinishauri nijaribu kuwatabasamia askari.

Nilikwenda kwa Mkuu nikamwambia sasa si suala la heshima tena, visa yangu inasema nanunua na mimi nafundisha, siku wakinishika sina la kujitetea. Akasema meiwenti. Akasema wataalamu wa kigeni lazima watoke nchi ambayo Kiingereza ni lugha ya mama, na ofisi inayotoa vitabu vyekundu, kwa bahati mbaya, ina ramani. Aliahidi kulishughulikia mwisho wa muhula. Niliporudi chumbani na kumweleza, mdogo wangu alicheka, akaniambia, "Dada, hata laobani wa Xintang akisema kesho, ujue nguo hazijakatwa." Nilikasirika kwa sababu alikuwa sahihi.

Asubuhi nilipokamatwa nilikuwa nimebeba mfuko wa mabegi ya kike. Mdogo wangu alikuwa ameyachukua Shiling kama sampuli, zipu zikawa mbovu, akaniomba niyakabidhi kwa dereva wa mwenye kiwanda, aliyekuwa anapita karibu na chuo mchana. Mkono mmoja mabegi, mkono mwingine madaftari ya wanafunzi niliyoyasahihisha. Nikateremka kwenye basi kituo cha chuoni. Kiongozi wa darasa alikuwa ananisubiri kama kila siku, ili anipokee madaftari na tuongee Kiingereza hadi getini.

Barabara ile ilipitwa na wanunuzi wa mabegi wote wa Kiafrika, na nadhani ndiyo maana askari aliwekwa pale. Alikuwa peke yake, kijana bado, amevaa sare nzito juani, jasho linamtiririka hadi kwenye kola. Akanyoosha mkono kwa pasipoti. Nikampa. Na kwa kuwa nimelelewa na watu, sikuweza kusimama mbele ya mtu anayeteseka na jua nikanyamaza kama gunia. Nikamwambia, "Sorry for the work, officer."

Kiongozi alifungua mdomo amwambie xinku le. Laiti angemwahi. Yule askari alimnyamazisha kwa kiganja, akasema kwa Kiingereza kwamba yeye anajua Kiingereza. Kisha akairudia sentensi yangu neno moja moja, akiitazama visa yangu. Nilimwona akifikiri, na nilimwona akifika. Akasema visa hii ni ya biashara. Akasema mimi mwenyewe nimeomba radhi kwa kufanya kazi. Kwa sarufi ya kitabu hakukosea hata kidogo, angekuwa mwanafunzi wangu ningempa alama zote. Nikajaribu kumwingiza kwenye maelezo ya pole. Hakuingia. Tukapandishwa gari, mimi, mabegi, na kiongozi ambaye alikataa kuniacha na kudai yeye ni mkalimani wangu.

Kituoni kulikuwa na feni na kalenda. Walimpigia Mkuu simu, kwa kuwa kiongozi aliwatajia chuo kabla sijamkanyaga mguu. Alifika kwa gari la chuo na alikuwa amemleta Mmarekani, kama mtu anayebeba cheti cha ndoa. Mmarekani alikuja na kandambili, bila pasipoti, bila kitabu chekundu, nywele zimesimama. Hakuna aliyemuuliza chochote. Walimvutia kiti, wakamletea chai.

Mkuu alizungumza Kichina kwa muda mrefu na kwa upole mwingi, kiongozi akinitafsiria sikioni. Alisema ananifahamu, mimi ni mcha Mungu, mwanamke mwema, mnunuzi wa mabegi. Hupita chuoni siku moja moja kuongea na wanafunzi, kwa urafiki tu. Akaonyesha mfuko miguuni kwangu. Askari akaufungua, akatoa begi moja, akajaribu zipu, zipu ikakwama. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepata ushahidi. Lakini bado kulikuwa na ile sentensi. Akasema alinisikia kwa masikio yake nikijutia kazi, kwa Kiingereza.

Hapo Mkuu alimgeukia Mmarekani. Nilielewa kwamba kaletwa kwa ajili ya swali hili tu, wala si kwa kukaa vizuri kwenye kiti. Akamuuliza, kwa Kiingereza, mbele yetu wote, kama hiyo sentensi ni Kiingereza.

Kijana aliniangalia. Ninasema tena kwamba hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa yamejaa huruma, na niliona dhahiri kwamba amepata njia ya kuniokoa na anafurahi kuipata.

"Hapana," akasema. "Hakuna mtu anayesema hivyo. Kwa kweli, hicho si Kiingereza."

Miaka miwili ya safi sana, watoto wamekula bibi zao mbele yake hakuwagusa, na mtu wa kwanza kusahihishwa nikawa mimi. Mkuu alidaka pale pale na kumalizia kwa Kichina. Chuo chao kina hadhi, akasema. Je, kingeweza kumwajiri mwalimu anayesema hivi? Askari alicheka. Naye alikuwa amefarijika, kwa kuwa wenzake walikuwa wameshaanza kufungua makopo ya chakula na harufu ya vitunguu saumu ilikuwa imejaa chumba. Akasema basi, mimi ni mnunuzi, visa yangu ni nzima, niwe mwangalifu na maneno. Akaisukuma pasipoti yangu hadi ukingoni mwa meza upande wangu.

Nilichotakiwa kufanya kilikuwa kidogo. Ningenyoosha mkono, ningechukua pasipoti na mabegi yangu mabovu, ningetoka nje. Kesho yake ningekuwa darasani. Mkuu angesema meiwenti, na kwa mara ya kwanza ingekuwa kweli, kwa sababu mwalimu asiyekuwepo hahitaji kibali. Ningeendelea kukaa China hadi nichoke. Mdogo wangu ananiuliza mpaka leo, tukikosana kwa jambo lolote, hata la chumvi, kwa nini sikusema tu ndiyo, nanunua mabegi. "Ungekufa, dada?" ananiuliza. Namwambia sijui, sikujaribu.

Niligeuka kwa kiongozi wa darasa anitafsirie neno la mwisho la askari. Alikuwa ameacha kutafsiri. Alikuwa amekaa na madaftari mapajani, amenywea, anaangalia wino wangu mwekundu kwenye daftari la juu. Yeye ndiye aliyenipa xinku le, yeye ndiye aliyewafundisha wengine kumwamkia mfagiaji. Alikuwa amesikia kutoka kwa mwenye lugha kwamba yote aliyojifunza mwaka mzima si kitu. "Laoshi?" aliniuliza, kwa sauti ndogo.

Hasira iliyonipanda ilinishtua hata mimi. Sikumkasirikia askari. Nilimkasirikia mama yule nadhifu aliyenifanya Msingapo nilipokuwa na faida na mchuuzi nilipokuwa na hasara, na kijana yule aliyekuwa mwema bila kulipia chochote. Pia nilikuwa nimechoka, niseme ukweli, nimechoka kunyamaza kwa sababu chakula kiko tayari.

"Mimi ni mwalimu," nikamwambia askari, kwa Kiingereza changu, kila neno na kiti chake. "Nafundisha Kiingereza pale chuoni kila siku, na huyu ni mwanafunzi wangu."

Kiongozi aliyatafsiri maneno hayo kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake darasani nilipomwambia apaze. Nikachukua daftari moja kwenye magoti yake, nikaliweka mezani juu ya pasipoti, likiwa wazi penye masahihisho. Mmarekani aliinuka nusu akinipungia mikono kwamba basi, basi, imeshaisha, hakuna haja. Mkuu alichukua mkoba wake na kutoka kujibu simu ambayo haikuwa imelia, na sikumwona tena hadi leo. Mmarekani alibaki kidogo na chai yake, kisha akakumbuka kwamba hana jinsi nyingine ya kurudi chuoni, akakimbilia gari.

Askari aliangalia daftari, akaangalia chakula chake, akashusha pumzi. Alivuta fomu, akakaa upya. Nilimwonea huruma kwa kweli, kwa kuwa nilikuwa nimemharibia mchana wake baada ya yeye kunipa njia. Nikamwambia, safari hii kwa Kichina, xinku le. Akaitikia kwa mguno bila kuinua kichwa, kama watu wanavyoitikia pole kila mahali, akaendelea kuandika.

Aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alinieleza kwamba nitalipa faini na nitaondoka nchini kabla wiki haijaisha, na kwamba nisiombe visa nyingine upesi. Nikasema nimesikia. Nilitamani kulia, si kwa sababu ya China, ila kwa lile darasa la saa nane ambalo lilikuwa limekaa linanisubiri na kesho yake lingepewa filamu. Akanipa kalamu nisaini. Sikuweza kusoma hata alama moja pale, kwa hiyo nikamwomba kiongozi anisomee.

Akafuata mstari kwa kidole, akinitafsiria. Jina, lilikuwa limekosewa. Nchi, Tanzania, kwa mara ya kwanza sikuwa Msingapo. Kosa, kufanya kazi bila kibali. Kisha kidole chake kikasimama penye sehemu ya kazi, na hakutafsiri. Alisoma kama ilivyoandikwa: laoshi.

Nikamwambia arudie hapo. Akarudia. Hakuna karatasi nyingine ya serikali ya nchi ile iliyowahi kuniita mwalimu, na hii ilikuwa ya kunifukuza. Niliisaini kwa herufi kubwa, jina langu, la baba, na la babu.